Jamii imepungua: watu, ndege au kunde?

Swali limetoka Mbarali, kwa katibu wa jumuiya ya watumia maji: "Kwenye kikao mtaalamu alisema 'jamii ya Ihefu imepungua', wazee wawili wakawaka palepale, wakajua ni habari ya watu kuhamishwa tena. Kumbe anaongelea ndege na samaki wa hiyo ardhioevu. Kwenye muhtasari niandikeje? Halafu ni mfumo ikolojia au mfumo wa ikolojia?"

Katibu, pole. Hilo la pili ni dogo, andika lolote ila ulilolianza ndo umalize nalo, hata bioanuai na bayoanuwai ni ugomvi wa tahajia tu. Shida iko kwenye jamii.

Hili neno limebebeshwa mzigo kama guta la viazi pale Uyole. Jamii ni watu wanaoishi pamoja, hapo hatubishani. Ila bwana shamba nae anakwambia maharage na njegere ni jamii ya kunde, sasa jamii imekuwa ukoo. Halafu anakuja mtu wa ikolojia na jamii yake, yaani viumbe wote wanaoishi mahali pamoja, samaki, matete, vyura, korongo, hata kama hawana undugu wowote. Na wapo wanaosema "jamii mbili za chura" wakimaanisha spishi mbili. Maana nne hizo, kikao kimoja, na chai bado haijaletwa!

Mchukue kipunji, yule kima wa Mlima Rungwe. Ukisema kipunji ni jamii ya nyani, mtu wa Tukuyu ataelewa kwamba ni nyani wa namna fulani, wakati ni spishi inayojitegemea, tena alitangazwa 2005 na mwaka uliofuata akapewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) yake peke yake, Rungwecebus. Undugu na nyani anao, sawa, lakini mjomba wangu sio mimi.

Wala sio sisi tu. Arthur Tansley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, mwaka 1935 aliandika makala nzima kulalamikia maneno ya fani yake yanavyotumiwa ovyo, na hilo la kuwaita mimea na wanyama jamii moja lilimkera kwelikweli, ndo humo humo akaleta neno ambalo sisi tunaliita mfumo ikolojia, yaani viumbe pamoja na mazingira yao.

Mimi ningekuwa wewe jamii ningewaachia watu. Chura wa aina moja, andika spishi. Wote kwa pamoja, andika viumbe wa Ihefu, basi. Vitabuni utakuta "jumuiya ya viumbe" na sina ugomvi nayo, ila kwenu jumuiya ni nyie wenye mhuri, mtu akisoma jumuiya imepungua ataanza kuulizia michango yake.

Ila kabla hujaandika chochote mpigie huyo mtaalamu umuulize kilichopungua ni nini hasa, maana "imepungua" nayo ina mambo yake. Korongo mia wakibaki hamsini, hiyo ni idadi. Korongo wakiisha kabisa mkabaki na yangeyange tu, hapo ni spishi zimepungua, hata kama yangeyange wamejaa mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Akishakujibu, andika hivyo hivyo alivyosema, na jina la ndege uliweke.