Maji kwanza: barua ya msomaji aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

SWALI: Mimi ni mwanamke wa miaka 41. Hii ni wiki ya tatu tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Nikinywa nusu glasi ya maji kifua hubana, na mara kwa mara hutapika. Nimeagizwa ninywe lita 1.5 kwa siku, lakini sifikishi hata nusu yake. Mkojo wangu umekuwa wa rangi nzito, na nikisimama huona kizunguzungu. Je, nijilazimishe kunywa, au nitangulize chakula ili nipate nguvu?

JIBU: Dada mpendwa, kabla hujaendelea kusoma, wapigie simu leo hii madaktari waliokufanyia upasuaji, uwaeleze kuhusu mkojo, kizunguzungu na kutapika, kwa maana hizo ni dalili za mwili ulioanza kukaukiwa na maji. Usingoje siku ya miadi. Ikiwa hakuna kinachotulia tumboni, au ukapata homa, maumivu makali ya tumbo, au moyo ukaenda mbio ilhali umepumzika, nenda hospitali mara moja hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu huenda mshono unavuja.

Kuhusu swali lako, maji ndiyo yatangulie. Zamani sehemu ya maji ya mwili wako ilitoka katika chakula chenyewe. Sasa unakula vijiko vichache tu, kwa hiyo karibu yote lazima uyanywe. Tatizo ni kwamba tumbo lililopunguzwa, ambalo bado lina uvimbe wa kidonda, haliwezi kupokea nusu glasi kwa mkupuo. Ndiyo maana kifua kinabana. Chukua vijiko viwili vya mezani, yaani takriban mililita 30, uvinywe kwa funda ndogo ndogo katika kila robo saa. Ukifanya hivyo kwa saa 13 utakuwa umevuka lita 1.5 bila kulijaza tumbo hata mara moja. Fuata saa, usingoje kiu. Wapo ambao maji baridi huwakaba lakini ya uvuguvugu hupita vizuri, basi jaribu yote mawili. Soda uiache kwa sababu ya gesi, na vinywaji vyenye sukari nyingi pia, kwani huweza kuleta kichefuchefu, jasho na kuhara.

Chakula hakijasahauliwa. Wataalamu wengi hulenga angalau gramu 60 za protini kwa siku, na katika hatua yako maziwa yasiyo na mafuta au supu laini iliyoongezwa unga wa protini hukupa lishe na maji kwa pamoja. Ukifika kwenye vyakula vya kusaga, anza na vyenye protini, acha mara tu unapohisi kushiba, kisha subiri nusu saa kabla ya kunywa. Vidonge vya vitamini na madini utavihitaji maisha yako yote. Vya kalsiamu na vya chuma vipishane kwa saa mbili, kwa sababu kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni huko kutapika, ambako wagonjwa wengi hukuvumilia wakidhani ni sehemu ya kupona. Akiba ya vitamini B1 mwilini hudumu wiki chache tu, na anayetapika mfululizo huweza kuimaliza, hata akaanza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, na madhara hayo huweza kuwa ya kudumu. Kwa hiyo, endapo utahitaji kutundikiwa dripu, mweleze anayekuhudumia kwamba ulifanyiwa upasuaji huu na kwamba umekuwa ukitapika, ili upewe vitamini B1 kabla ya dripu yenye sukari. Nenda pia na karatasi uliyoandika kiasi ulichokunywa na mara ulizotapika tangu jana.