Maswali ya wasomaji: Njiwa ana vifaranga?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mi naandika kahadithi ka watoto, kuna sehemu nimeandika "vifaranga vya njiwa vilikuwa vinalia njaa", dada yangu kasoma akacheka, anasema njiwa hana vifaranga na hiyo "vilikuwa" nayo kosa. Nimsikilize au anajifanya mjuaji tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Msikilize, kapatia kote. Njiwa ana makinda. Kifaranga tunamjua kwa kuku na bata, yule anayetotolewa leo na leo leo anatembea nyuma ya mama yake akidonoa, lakini kinda wa njiwa anatoka kwenye yai macho yamefumba, manyoya hana, anabaki kiotani analishwa mdomoni mpaka apate mabawa ya kueleweka, na kunguru na kasuku nao ni hivyo hivyo. Mtaani watu wanasema kifaranga kwa ndege yeyote mdogo na wanaelewana vizuri tu, ila wewe unaandika hadithi, ukisema kinda msomaji keshaona kiota.

Sasa hiyo "vilikuwa". Kiumbe mwenye uhai anafuata a- na wa- hata kama jina lake linaanza na ki-, ndo maana tunasema kiboko amezama, sio kimezama. Kwa hiyo kifaranga amekufa, vifaranga wanalia. Shida inakuja kwenye "vya" na "vyangu", maana kwenye matangazo ya wauzaji utakuta "vifaranga vya broila" kila mahali, na mimi hapo sigombi na mtu, mbona tunasema "mbuzi zangu wamepotea" na hakuna anayeshtuka? Ila kitenzi usikiguse, "vifaranga vimekufa" ni kama unaongelea vikombe.

Kurasa za michezo ndo zimelichukua kabisa neno "kinda" kwa maana ya mchezaji mdogo, Lamine Yamal wa Hispania alipoifunga Ufaransa kwenye Euro 2024 ana miaka 16 huyo ni kinda haswa, lakini kuna waandishi wanamwita kinda mchezaji wa miaka 24 mwenye mke na watoto, hapo mi nakataa.

Sentensi yako iandike "makinda wa njiwa walikuwa wanalia njaa". Na kama mbele huko kuna kuku na wanakua, jike ambaye hajaanza kutaga ni tembe, dume anayejifunza kuwika ni pora, usiwaache wazeeke wakiwa vifaranga.