Kifurushi chako kinapochelewa kwenye seva ya ukaguzi: ushauri kwa wanaowasilisha Bioconductor kwa mara ya kwanza

Wengi wetu tunaojifunza bioinfomatiki hapa Uganda, tuwe Makerere, Entebbe au Mbarara, huanza kwa kutumia vifurushi vya lugha ya R vilivyoandikwa na watu wengine. Anayefika hatua ya kuandika cha kwake na kukiwasilisha Bioconductor, hazina ya pamoja ya vifurushi vya R vya kuchambua data za biolojia, hukutana na jambo ambalo darasani halifundishwi. Kifurushi kilichokwenda bila shida kwenye laptopu kinafika kwenye seva ya ukaguzi, halafu ripoti inarudi na neno moja: TIMEOUT. Msimbo haukukosewa ila muda umekwisha. Hapo ndipo wengi huanza kukatakata msimbo kwa kubahatisha, wakifuta mfano huu na kupunguza jaribio lile, na ripoti inayofuata inarudi vilevile. Nawasihi, kabla hujafuta chochote, jua kwanza muda umeliwa wapi.

Seva inafanya kazi tatu kwa mfuatano. Inajenga kifurushi kwa R CMD build, na hapo miongozo yako ya matumizi inaendeshwa yote kuanzia mwanzo. Kisha inakikagua kwa R CMD check, ambayo huendesha mifano ya kurasa za msaada pamoja na majaribio yako. Mwisho inapita BiocCheck, yenye masharti ya Bioconductor yenyewe. Sharti la muda ni kwamba R CMD check imalizike ndani ya dakika 10, na faili la kifurushi lisizidi MB 5. Wengine huona dakika 10 ni uchoyo. Mimi naona ni haki. Bioconductor ina vifurushi vya programu zaidi ya 2,000, na seva zilezile huvijenga tena na tena mwaka mzima. Isitoshe, yule mwanafunzi wa Gulu mwenye laptopu ya RAM ya GB 4 na bando la kuhesabu ataendesha mifano ileile iliyoishinda seva. Ikiwa seva imechoka, yeye atafanyaje?

Basi fungua logi usome mstari kwa mstari. R CMD check huandika muda mbele ya kila hatua iliyochukua muda wa maana, na ukiiendesha kwa chaguo la --timings unapata pia muda wa mifano. Utaona kitu kama hiki:

checking examples ... [41s/398s]

Namba hizo mbili ndizo zinazokuambia mengi kuliko kitu kingine chochote kwenye ripoti, na watu huzipita bila kuziangalia. Ya kwanza ni muda ambao prosesa ilifanya kazi kweli. Ya pili ni muda wa saa ya ukutani. Katika mstari huu prosesa imefanya kazi sekunde 41 tu, lakini zimepita sekunde 398. Karibu dakika 6 nzima kifurushi kilikaa kikisubiri kitu, na mara nyingi kitu hicho ni mtandao: kuna mfano unaopakua data kutoka seva ya mbali. Kuandika upya hesabu zako kwa C++ hakutakusaidia hata kidogo hapo.

Ndiyo sababu pia tatizo halikuonekana kwako. Kwenye laptopu yako data ilishapakuliwa siku nyingi, imekaa kwenye akiba (cache), mfano unaisoma mara moja na kumaliza. Seva ya ukaguzi huenda haina chochote katika akiba hiyo, inaanza mikono mitupu. Ukitaka kuona inachokiona, futa akiba yako kisha endesha ukaguzi upya.

Namba zikiwa kinyume, ya kwanza kubwa kuliko ya pili, mfano [300s/60s], maana yake kazi imegawanywa kwa kori nyingi za prosesa. Wengi huandika detectCores() kisha wakachukua kori zote zilizopo. Kwenye mashine yako ni sawa. Kwenye seva inayojenga vifurushi vya watu wengine wakati huohuo ni kuwanyang'anya, na wewe mwenyewe unaweza kuchelewa zaidi kwa sababu kila mmoja anagombea. CRAN, hazina kuu ya vifurushi vya R, imeweka mpaka wazi wa kori 2 wakati wa ukaguzi. Kwenye mifano na majaribio tumia kori 1 au 2, na mwachie mtumiaji achague zaidi. Ukitumia BiocParallel, kifurushi cha kugawa kazi kwa kori, ipe funksheni yako hoja ya BPPARAM yenye SerialParam(), yaani bila kugawa, kama chaguo la awali, na suala hilo limekwisha.

Namba zikikaribiana na zote ni kubwa, hesabu zenyewe ndizo nzito. Usikisie ni ipi. Ndani ya folda inayoishia na .Rcheck kuna faili linaloishia na -Ex.timings, lenye muda wa kila ukurasa wa msaada. Lipange kuanzia mkubwa. Mara nyingi utakuta kurasa mbili au tatu zimekula karibu muda wote na zilizobaki hazina hatia. Chukua mfano wa kwanza kwenye orodha, uendeshe peke yake chini ya Rprof(), kipima muda cha R, utaonyeshwa funksheni inayokaa muda mrefu zaidi. Kwa vifurushi vya vijana wetu nimeona kosa moja likijirudia: matokeo yanaongezwa mstari mmojammoja kwa rbind() ndani ya kitanzi. Kila mzunguko R inanakili jedwali lote upya, kwa hiyo data ikiongezeka mara mbili muda huongezeka zaidi ya mara mbili. Weka matokeo kwenye orodha uliyoiandaa kwa urefu kamili, kisha uyaunganishe mara moja mwishoni. Badiliko hilo la mistari michache linaweza kugeuza dakika kuwa sekunde.

Turudi kwenye data, maana hapo ndipo penye kazi kubwa. Tuseme umeandika kifurushi cha kusoma mabadiliko ya jeni za vimelea vya malaria, kazi ambayo hapa kwetu ina umuhimu wake. Jenomu ya Plasmodium falciparum ina kromosomu 14 na herufi milioni 23 hivi. Unavutiwa kuonyesha sampuli zako zote na kromosomu zote, maana umezihangaikia. Lakini jiulize mfano unataka kumfundisha nini msomaji. Kama ni namna ya kusoma faili la VCF (orodha ya mabadiliko ya jeni) na kutafuta alama za usugu wa dawa, jeni moja inatosha: kelch13, iliyo kwenye kromosomu ya 13, ambayo protini yake ina asidi amino 726. Mabadiliko ya A675V na C469Y, yaliyoripotiwa na watafiti kaskazini mwa Uganda kuhusiana na usugu wa artemisinini, yamo humo humo. Kata kipande hicho kwa sampuli chache, kibane, kiwekee faharasa ya tabix, kihifadhi kwenye inst/extdata. Faili linabaki dogo sana, mfano unamalizika haraka, na mtu anayesoma bado anaona jambo la kweli.

Hata faili likibaki kubwa, huna haja ya kulisoma lote. Kifurushi cha VariantAnnotation hukuruhusu kutaja eneo unalolitaka kwa ScanVcfParam, na faili lenye faharasa litasomwa eneo hilo tu. Kama data kubwa ni ya lazima kabisa, mahali pake ni ExperimentHub, hifadhi ya data ya Bioconductor, na mtumiaji ataipakua mara moja tu na kuihifadhi kwenye akiba. Usiiache kwenye seva ya idara ambayo umeme ukikatika nayo inapotea hewani, kisha ripoti yako inaharibika bila kosa la msimbo wako.

Kwa mbinu zinazozunguka mara nyingi, kama makadirio ya Bayes, weka mizunguko michache kwenye mfano, weka set.seed(), na uandike wazi kwenye ukurasa wa msaada kwamba kazi halisi inahitaji mizunguko mingi zaidi. Usimwache msomaji adhani mizunguko 50 inatosha kuandikia makala.

Kuna njia ya mkato ambayo nawaomba muiepuke. Mtu akishachoka na TIMEOUT, hufunika mifano yote kwa \dontrun na kuweka eval=FALSE kwenye kila kipande cha mwongozo, ili visiendeshwe. Ukaguzi unakwenda mbio, ndiyo, lakini haukagui chochote. BiocCheck italiona hilo: inataka angalau asilimia 80 ya kurasa za msaada za vitu unavyovitoa kwa watumiaji ziwe na mifano inayoendeshwa, na inalalamika vipande visivyoendeshwa vikiwa vingi kwenye mwongozo. Hata isingelalamika, mwongozo usioendeshwa huoza kimyakimya. Kifurushi unachokitegemea kikibadilika, hutajua mpaka mtumiaji akuandikie. Majaribio marefu yanayostahili kubaki yana nafasi yake: yaweke kwenye folda ya longtests, uongeze faili la .BBSoptions lenye mstari RunLongTests: TRUE, na kifurushi kikishapokelewa yataendeshwa kwa ratiba yake yenyewe.

Ukitumia GitHub Actions, huduma ya kuendesha ukaguzi kwenye seva za GitHub, kujipima kabla ya kuwasilisha, utaona uchelewaji wa aina nyingine: nusu saa inapita kabla ukaguzi wenyewe haujaanza. Hapo ni vifurushi unavyovitegemea vinasakinishwa. Kwenye Linux, R kwa kawaida hukompaili kila kimoja kutoka msimbo chanzo, wakati Windows na macOS hupata vilivyokwisha kutayarishwa. Elekeza usakinishaji kwenye hazina ya kampuni ya Posit yenye vifurushi vilivyokompailiwa kwa Linux, uwashe na akiba, na sehemu kubwa ya muda huo itaondoka. Kisha angalia kwa jicho kali faili lako la DESCRIPTION, linaloorodhesha vifurushi unavyovitegemea. Kifurushi unachokitumia kwa funksheni moja tu, unakihitaji kweli? Kinachotumika kwenye mwongozo pekee kiende Suggests, orodha ya visivyo vya lazima. Kwa mtu wa bando, kila jina unaloliondoa kwenye Imports, orodha ya vya lazima, ni pesa inayobaki mfukoni.

Ripoti ikionyesha kitu ambacho kwako hakitokei, jenga ndani ya kontena (mazingira yaliyofungashwa tayari) la bioconductor_docker la toleo la devel, yaani linaloendelea kutengenezwa, maana hilo ndilo toleo linalotumika kukagua vifurushi vipya. Linapima gigabaiti kadhaa, kwa hiyo lipakue ukiwa chuoni kwenye eduroam ya RENU, mtandao wa vyuo, si kwa simu. Ulishawahi kuweka faili kubwa kwenye git kisha ukalifuta? Bado limo kwenye historia, na kila anayenakili hazina yako analibeba. Safisha historia kwa git filter-repo kabla ya kuwasilisha.

Kuna na kuchelewa ambako hakuko mikononi mwako. Ombi lako likisubiri foleni, hiyo si TIMEOUT. Ripoti huonyesha muda uliotumika kwa kila amri, na foleni haihesabiwi humo. Wakaguzi wengi wako Marekani na Ulaya, kwa hiyo swali utakaloliuliza saa tatu asubuhi ya Kampala litamkuta wa New York bado amelala. Tumia muda huo kusoma maonyo ya BiocCheck. Na kumbuka seva haijengi upya mpaka upandishe namba ya toleo: unaanza na 0.99.0, ukirekebisha unakwenda 0.99.1. Kusanya marekebisho, yajaribu kwako, ndipo upandishe namba. Kwenye ombi lako mweleze mkaguzi kwa sentensi mbili tatu umepima nini, hatua gani ilikuwa nzito, na sasa inachukua muda gani. Mkaguzi anayeona vipimo hujibu haraka kuliko anayeambiwa tu kwamba tatizo limetatuliwa.

Bioconductor hutoa matoleo mawili kwa mwaka, kwa kawaida Aprili na Oktoba, na kila tarehe ya mwisho ya kupokea vifurushi vipya inapokaribia, wakaguzi huelemewa. Ukilenga Oktoba, wasilisha mwezi Julai. Ukaguzi ukivuka tarehe, kifurushi kikipokelewa kitakuwa kwenye devel, watu wanaweza kukisakinisha kutoka huko, na Aprili kitatoka na wenzake.