Muulize Shangazi: Nina muda wa saa saba Hamburg, bandari ya zamani niianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, kijana wa Ngamiani, Tanga. Februari nakwenda Ujerumani kuanza kazi katika mji wa Kiel, na treni naiunganishia Hamburg. Nitashuka saa tatu asubuhi, niondoke saa kumi jioni. Nimeona picha za bandari ya zamani iliyogeuzwa mji mpya, nikapenda. Rafiki yangu aliyepita huko anasema ni matofali matupu, bora nibaki stesheni nijipashe moto. Wewe uliyekaa huko wasemaje? Naweza kutembea peke yangu nisipotee?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya kazi. Huyo rafiki yako mpelekee salamu, umwambie matofali hayo yalipangwa kwa ajili ya buni, kakao, chai, tumbaku na viungo, yaani vitu ambavyo vingi vyake havioti Ujerumani. Nimekaa mji huu miaka 26 na kila mgeni wangu nampitisha njia moja. Nakupa hiyo hiyo.

Mkoba mkubwa uache kwenye makabati ya stesheni, ubaki na mfuko mdogo, kofia na glovu. Toka upande wa mjini, shuka kuelekea Meßberg, mwendo wa robo saa. Njiani utapita jengo moja refu la matofali lenye pembe kali kama omo ya jahazi. Ni Chilehaus, la mwaka 1924, la tajiri aliyeuza shura, ile chumvi ya mbolea na baruti, kutoka Chile. Litazame, usikawie. Vuka maji, uliza daraja la Poggenmühlenbrücke.

Hapo simama. Utawakuta wapiga picha wamejipanga, maana mbele yako mfereji unagawanyika mara mbili na katikati pamekaa kijumba kama kasri. Wenyewe wanakiita kasri la maji, ila mfalme hakulala humo hata siku moja. Palikuwa pa mafundi wa winchi. Ukishapiga picha yako, inua kichwa. Kila ghala lina nyuso mbili, mmoja wa barabarani, mwingine wa majini. Juu kabisa, chini ya kofia ya shaba iliyogeuka kijani, utaona kapi. Chini ya kapi kuna milango mipana iliyopangana wima, orofa kwa orofa, haina ngazi wala baraza. Mlango wa orofa ya nne unafunguka kwenye hewa tupu! Tishali lilikuja hadi ukutani, gunia likafungwa, likapandishwa kwa winchi mpaka usawa wa mlango wake, na hamali aliyekuwa ndani akalivuta kwa ndoana. Sasa tazama ukuta wa mfereji. Utelezi wa kijani umeishia mahali pamoja, sawasawa kama uliopigwa rula. Hapo ndipo maji yanapofika yakijaa. Bahari iko mbali, kama kilomita 100, lakini mto Elbe unajaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu mita 3 na nusu. Mtoto wa Tanga sina haja ya kukueleza zaidi.

Mtaa wenyewe unaitwa Speicherstadt, yaani mji wa maghala, na una urefu wa kilomita moja na nusu. Ukisoma vibao utadhani ulijengwa penye kiwanja kitupu. Sivyo. Hamburg ilipokubali kuingia katika umoja wa forodha wa Ujerumani, iliachiwa kipande cha bandari ambacho mzigo ungekaa bila kulipiwa ushuru. Kipande hicho kilikuwa na watu. Kuanzia 1883 mitaa ya Kehrwieder na Wandrahm ilibomolewa, watu wapatao 20,000 wakahama, nguzo za mwaloni zikapigwa kwenye matope, na mwaka 1888 Kaiser akaja na sherehe zake kufungua. Vita vya pili vya dunia vilivunja karibu nusu, wakajenga tena. UNESCO imeuandika urithi wa dunia mwaka 2015.

Fuata mfereji kuelekea magharibi mpaka Am Sandtorkai. Ndani ya ghala moja kuna makumbusho madogo ya maghala yenyewe, na hapo nakuomba ulipe kiingilio hata kama fedha ni za kuhesabu. Marehemu baba alikuwa karani wa karafuu Wete. Mara ya kwanza nilipoingia humo niliona ndani ya kabati la kioo kichuma chembamba, kina ncha upande mmoja na mfereji katikati, nikabaki nimeganda. Ni bambo! Lile lile alilokuwa akilichoma kwenye gunia, anatoa karafuu kiganjani, anazinusa, anatazama kama mkulima amechanganya makonyo, halafu anaandika daraja. Na huku nako palikuwa na mtu akichoma gunia, akitoa buni kiganjani, hakuamini aliyoandika karani wa upande wa pili. Sakafu ya mbao bado ina harufu. Mume wangu anasema najidanganya.

Ukitoka hapo ukavuka barabara umeshaingia HafenCity, mji mpya. Makontena ndiyo yaliyoufanya: meli zilipokuwa kubwa na mizigo ikaanza kuja ndani ya masanduku ya chuma, kazi ikahamia ng'ambo ya mto na gati hizi zikabaki hazina shughuli. Mpango ulitangazwa 1997, ramani ikapitishwa 2000, na eneo lote ni hekta 157. Sitakuficha, mimi siupendi sana. Vioo vingi, pango ghali, na Februari upepo unakatiza baina ya majengo kama una ugomvi na wewe. Lakini tazama walivyoinua ardhi. Gati za zamani zimeachwa chini, barabara na nyumba mpya zimewekwa juu, mita 8 hadi 9 kutoka usawa wa bahari, na maegesho ya chini yamewekewa milango ya chuma ya kuzuia mafuriko. Mtaa huu uko nje ya boma la kuzuia maji, basi umejengwa kama mtu aliyepandisha suruali kabla ya kuvuka mto. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962 dhoruba iliyasukuma maji ya bahari mpaka mjini, wakafa watu 315 hapa Hamburg. Wengi wao walikuwa Wilhelmsburg, ninakoishi mimi. Bibi jirani yangu wa ghorofa ya chini hadi leo vyeti vyake anaviweka juu ya kabati.

Tembea kando ya maji. Utapita ngazi pana za Magellan zenye meli za zamani zimefungwa mbele, kisha utafika kiwanja chenye goli la mpira wa kikapu. Soma kibao: Vasco-da-Gama-Platz. Viwanja vyao vingi hapa wamevipa majina ya wasafiri wa zamani. Nilimleta shemeji yangu wa Malindi, ile ya Kenya, tukiwa na kiongozi wa watalii tuliyemlipa. Kijana wa watu akaanza, "Huyu ndiye aliyefungua njia ya Bahari ya Hindi." Shemeji akamtazama. "Njia ipi? Si rubani alimpata kwetu, mwaka 1498?" Kiongozi akacheka, akidhani ni mzaha. Shemeji akaendelea na habari za Kilwa, jinsi da Gama alivyorudi 1502 na mizinga akamlazimisha mfalme kulipa kodi ya dhahabu. Akamalizia, "Sisi Malindi tunamtunzia nguzo, nyinyi mnamchezea mpira. Nyinyi mna akili zaidi." Tangu siku hiyo sijalipa kiongozi mwingine.

Mwisho wa gati ndipo liliposimama jumba la muziki, Elbphilharmonie, lile la kioo lenye paa kama mawimbi. Chini yake ni ghala la kakao, chai na tumbaku la miaka ya 1960. Walikomba ndani yote wakabakiza ngozi ya matofali. Serikali ya mji ilidhani itatoa euro milioni 77, ikaishia 789, na likafunguliwa Januari 2017 watu wamechoka kugombana. Panda ngazi ya umeme iliyopinda, mpaka baraza lililo mita 37 juu. Kutoka hapo utaona kushoto maghala, mbele mto, na ng'ambo kreni za makontena. Bandari yenyewe ni ile pale ng'ambo, mwanangu. Uliyokuwa ukiitembea ni nyumba yake ya zamani.

Ukiwa bado na muda, tembea mpaka Landungsbrücken upande kivuko nambari 62. Tiketi ya kawaida ya basi na treni za mji inatosha. Usimsikilize anayekuuzia safari ya boti kwa bei ya mtalii. Kaa juu, masikio yafunike. Kituo cha Neumühlen utaona meli za makontena zikipakuliwa ng'ambo, bila hamali hata mmoja. Ikifika saa tisa kasoro anza kurudi stesheni.

SWALI: Shangazi, ni kweli Bibi Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliishi kwenye maghala hayo? Na kaburi lake liko wapi?
Msomaji, Malindi, Unguja

JIBU: Kwenye maghala hapana. Yeye alifika Hamburg 1867, maghala hayajajengwa, na nyumba yao ilikuwa upande wa ziwa Alster, Uhlenhorst. Lakini biashara iliyomleta ni hiyo hiyo. Mumewe Heinrich Ruete alikuwa mtu wa kampuni ya Hansing, Unguja. Kampuni nyingine ya Hamburg, O'Swald, ilipata utajiri kwa kununua kauri za pwani yetu na kuzipeleka Afrika Magharibi, zilikokuwa fedha. Yaani vijidude tunavyovichezea bao, mwenzako anajengea jumba! Ruete alikufa 1870 kwa ajali ya tramu ya farasi, akamwachia mjane huyo watoto watatu wadogo katika mji wenye baridi na lugha ngeni. Alifariki 1924 huko Jena, akaletwa kuzikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg. Panda treni ya S1 mpaka kituo cha Ohlsdorf, ila jihadhari: makaburi hayo ni makubwa hata mabasi yanapita ndani, ulizia ofisini kwanza. Mwaka 2019 walikiita kiwanja kimoja kwa jina lake, kisha jina likaondolewa kwa sababu ya aliyoyaandika kutetea utumwa. Da Gama bado ana chake.

SWALI: Swali fupi tu, Shangazi. Mtu akitembea huko kutwa, choo anapata wapi, na adhuhuri anasalia wapi?
Mama wa watatu, Mombasa

JIBU: Choo, ingia cha makumbusho ukishalipa kiingilio, vya mitaani weka sarafu mfukoni. Kusali, rudi karibu na stesheni kuu, mtaa wa Böckmannstraße, dakika kumi kwa miguu. Msikiti wenyewe ni wa Waturuki na minara yake miwili imepakwa vipande vya kijani na vyeupe kama mpira wa miguu, huwezi kuupita. Wanawake wana nafasi yao. Ukitoka, Steindamm iko hapo hapo, chakula cha halali tele. Na kabla ya kupanda treni nunua kile kimkate chao cha mdalasini, Franzbrötchen, ukile kingali moto.