Pomboo si mganga: jibu kwa mama aliyeuziwa safari ya tiba

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Chumbageni, Tanga. Mwanangu ana miaka sita, amegundulika kuwa na usonji na bado hasemi. Kuna bwana mmoja mwenye boti ananiambia mtoto akiogelea na pomboo siku tano mfululizo, sauti zao zitamfungua ubongo, kwa kuwa pomboo humtambua mgonjwa na huwapenda watoto. Bei ni laki sita, na nimeshatanguliza laki mbili. Amenipa pia chupa ya mafuta ya pomboo nimpake kichwani na kumnywesha kijiko kila usiku. Je, ni kweli? Kuna hatari yoyote? (Mama Faraji)

JIBU: Marahaba, Mama Faraji. Mafuta hayo usimnyweshe mtoto, na kama umeshaanza, acha leo. Safari nayo isimamishe mpaka umalize kusoma, ingawa naamini ukimaliza hutaitaka tena.

Wewe sikulaumu hata kidogo. Kila kaskazi, bahari ikitulia, hunijia swali la aina hii, na maneno ni yale yale: sauti inayofungua ubongo, mnyama anayemjua mgonjwa, siku tano, siku saba. Muuzaji anabadilika, hadithi haibadiliki. Wala hakuitunga yeye. Ilitoka Marekani. Miaka ya 1970 mtafiti mmoja wa huko, Betsy Smith, alianza kuwakutanisha watu wenye ulemavu wa akili na pomboo kule Florida. Baadaye yeye mwenyewe aliiacha kazi hiyo na kuipinga hadharani. Waliokuwa wamekwisha kuona pesa ndani yake hawakumfuata.

Hilo la sauti ndilo huwateka watu wenye akili zao, kwa sababu nusu yake ni kweli. Pomboo hutoa milio ambayo sikio letu haliwezi kuisikia. Sisi tunaishia mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, yeye anapita 120,000. Milio hiyo ndiyo humwezesha kumpata samaki gizani: hugonga kitu, hurudi, naye huipokea kwa mafuta yaliyomo ndani ya taya lake la chini. Mpaka hapo bwana wa boti hajasema uongo. Uongo unaanza anapoifanya dawa. Altrasaundi ya tiba, ile inayotumika kwenye misuli, ina mitetemo inayofika milioni moja kwa sekunde, na mtaalamu huishikilia mahali pamoja kwa dakika kadhaa. Mlio mmoja wa pomboo haumalizi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mwenyewe yuko mbioni kuelekea kwingine. Mwaka 2003 Karsten Brensing na wenzake wa Ujerumani walichapisha matokeo ya kuwachunguza pomboo waliokuwa wakiogelea na wagonjwa huko Florida. Swali lao lilikuwa hili hili lako. Waliyoyaona hayakutimiza masharti ya altrasaundi ya tiba.

Utaambiwa, "Lakini kuna watoto waliopata nafuu." Nafuu gani, na imetokana na nini? Watafiti Lori Marino na Scott Lilienfeld walizipitia tafiti zilizokuwa zikitumiwa kutangaza tiba hii, mara ya kwanza mwaka 1998, kisha tena 2007, wakakuta zimefanywa vibaya kiasi kwamba hazithibitishi chochote. Mtoto ukimtoa nyumbani, ukamtia kwenye maji ya vuguvugu, ukamzungushia watu watano wanaomshangilia, atachangamka. Ili ujue kama aliyemchangamsha ni pomboo, lazima uwe na kundi jingine la watoto waliopata maji yale yale, watu wale wale na shangwe zile zile, bila pomboo. Wauzaji hilo hawalitaki hata kulisikia.

Sasa nije kwenye linalonikera kuliko yote, kwa sababu hata watu wasiouza chochote wanalirudia: kwamba pomboo anatupenda, na ushahidi ni kwamba anatabasamu.

Hatabasamu. Ule ni umbo la taya. Pomboo hana misuli ya uso ya kukunjua furaha au kukunja hasira. Mdomo wake umejipinda hivyo akiwa ameshiba, akiwa ana njaa, akiwa amenaswa kwenye jarife. Aprili 2006, pomboo takribani 400 walikutwa wamekufa kwenye fukwe za Nungwi, kaskazini ya Unguja. Kila mmoja wao alikuwa "anatabasamu". Ukitaka kujua pomboo amechukia, angalia anavyopiga maji kwa mkia, anavyogonganisha taya zake, anavyogeuka ghafla kukukabili. Jepesi kwa binadamu ni kutazama mdomo, basi anaona anachotaka kukiona.

Ana nguvu pia, na meno. Huko Brazil mwaka 1994 pomboo mmoja aliyezoea waogeleaji alimuua mtu, baada ya kuchokozwa na umati wa watu kwa muda mrefu. Mkoani Fukui, Japan, waogeleaji kadhaa waling'atwa katika misimu ya joto ya 2022 hadi 2024. Na huko Scotland watafiti waliwakuta pomboo wakiwaua mamalia wadogo wa baharini wa jamii iliyo jirani kabisa na yao, kwa kuwagonga mpaka mbavu zinavunjika, kisha hawawali. Nayasema haya si kwa kumtia pomboo ubaya. Ni mnyama wa porini, na pori lake ni maji.

Vipi basi visa vya mabaharia waliookolewa? Pomboo hupenda kusukuma vitu. Mama hata mtoto wake aliyekufa humbeba kwa siku kadhaa. Aliyesukumwa kuelekea ufukweni alifika na kusimulia. Aliyesukumwa kuelekea mkondo wa Pemba, nani amemhoji?

Si kwamba hakuna uhusiano kati yetu na wao. Upo, na ni wa zamani sana, ila hauko kama unavyouzwa. Karibu miaka 1,900 iliyopita Mrumi Plinius Mdogo aliandika barua kuhusu mji wa Hippo, pwani ya Afrika Kaskazini, sehemu ambayo leo ni Tunisia. Pomboo mmoja alizoeana na mvulana, akawa anambeba mgongoni. Habari zikasambaa, wakubwa wakaanza kumiminika kutazama, na mji mdogo ule ukalazimika kuwakirimu. Gharama zikawazidi, utulivu ukawatoka. Wakamuua pomboo yule kwa siri. Nikiulizwa kuhusu utalii wa pomboo, huwa naanza na barua hiyo. Hakuna aliyemchukia; waliwachoka wageni wake.

Uhusiano ninaouheshimu mimi uko Laguna, kusini mwa Brazil. Kwa zaidi ya miaka mia, wavuvi wa kimia husimama kwenye maji ya kiunoni wakingoja. Pomboo huwaswaga mkizi kuelekea kwao, kisha mmoja huzama kwa namna fulani ya ghafla, na hapo ndipo wavuvi hutupa kimia kwa pamoja. Samaki wanaotawanyika kwa hofu huishia mdomoni mwa pomboo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba pande zote mbili hupata zaidi zinapoenda kwa wakati mmoja. Hapo hakuna kukumbatiana wala kutibiana. Kila mmoja ana njaa yake na anaijua ya mwenzake.

Tukirudi kwetu. Pomboo wa mkondo wa Pemba anayeruka akijizungusha hewani huwinda usiku kwenye kina kirefu, na mchana hupumzika. Boti yako itaondoka saa mbili asubuhi, sivyo? Maana yake mnakwenda kuwaamsha waliotoka zamu. Wale wa karibu na pwani ni aina nyingine: wako wanaofanana na wale wa Kizimkazi, na wako wenye nundu mgongoni, ambao huogopa boti na wameorodheshwa kimataifa kuwa wako hatarini kutoweka. Kizimkazi, Unguja, biashara ya kuogelea na pomboo ina zaidi ya miaka thelathini, na watafiti wameona kwamba boti zikizidi, pomboo hupumzika kidogo, hula kidogo, na muda mwingi huutumia kukwepa. Mama mwenye mtoto anayenyonya ndiye huumia zaidi, na mtoto wa pomboo hunyonya mwaka na zaidi.

Mwanao naye unamtia wapi? Katikati ya bahari yenye mkondo, injini inanguruma, watu wageni wanapiga kelele "ruka, ruka!", mtoto ambaye pengine kelele pekee zinatosha kumvuruga, na hawezi kusema "nazama". Nimeziona boti hizi. Jaketi za kuokolea maisha zikiwemo, ni za watu wazima.

Mafuta. Zamani pwani hii na visiwani pomboo alivuliwa: nyama ilikuwa chambo cha papa, na mafuta yakapakwa vyombo ili mbao zisiingize maji. Kwa mbao yalifaa. Pomboo yuko juu kabisa katika ulaji wa baharini, kwa hiyo sumu zote walizokula samaki wadogo hujikusanya kwake, zebaki katika nyama, na dawa za wadudu katika mafuta, kwa sababu ndimo zinamoyeyuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulipima mafuta ya pomboo walionaswa Zanzibar ukakuta mabaki ya DDT, mojawapo ya dawa hizo za wadudu. Hicho ndicho kijiko ulichoambiwa umnyweshe mtoto wa miaka sita kila usiku. Na hapo nimechukulia kwamba ndani ya chupa kuna pomboo kweli. Nimewahi kuletewa chupa ya namna hiyo iliyokuwa ikinuka sifa, yaani mafuta ya papa, waziwazi.

Mtu yule yule anayekwambia pomboo ni rafiki wa mwanao ndiye anayekuuzia mafuta ya mwili wake. Yamepatikanaje? Sheria zetu za uvuvi zinamlinda pomboo. Hakuna mwenye kibali cha kumvua ili akamue mafuta. Ama amenaswa kwenye jarife, ama amekufa kwa baruti ya kuvulia samaki. Watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa habari za baruti. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania na vinasa sauti vya chini ya maji, wakasikia milipuko zaidi ya 300 katika safari hiyo moja. Mnyama anayeishi kwa masikio yake, katika maji yenye kishindo cha namna hiyo, ndiye anatarajiwa atutibu sisi.

Nawaambia na wazazi wengine wanaosoma: usonji una wauzaji wengi kuliko ugonjwa wowote ninaoulizwa. Leo ni pomboo, kesho mafuta ya samaki aitwaye taa, keshokutwa matone ya mtandaoni yasiyo hata na jina la kiwanda. Dalili zao ni zile zile. Wanaahidi siku maalumu. Wanadai malipo ya mbele. Hawataki uongee na daktari wako. Na mtoto asipobadilika, kosa ni lako, hukufuata masharti. Usonji si pepo wala kufuli la ubongo linalosubiri ufunguo. Mtoto husaidiwa kwa mafunzo ya mawasiliano na ya shughuli za kila siku, taratibu, kwa miaka, na mzazi akifundishwa kuyaendeleza nyumbani. Si fani yangu, kwa hiyo nenda hospitali ya Bombo, umwone daktari wa watoto, umwombe akuelekeze kwa wanaoifanya kazi hiyo.

Faraji akipenda kuwatazama pomboo, mpeleke siku moja kwa furaha tu. Chagua nahodha anayepunguza mwendo akiwaona, asiyewakatia njia, asiyewarusha watu majini. Mkae botini mtazame. Wakisogea wenyewe, vizuri, wakiondoka, msiwafuate.

Kuhusu laki mbili, zidai kwa maandishi, kwa ujumbe wa simu, ili jibu lake libaki. Akikuzungusha, anza na ofisi ya serikali ya mtaa. Chupa usiimwage wala usimrudishie. Ifunge, andika juu yake tarehe uliyopewa, uipeleke kwa afisa uvuvi wa wilaya pamoja na ujumbe wowote aliokutumia wa kuyanadi mafuta hayo.