Kabla ya kumpiga picha msanii kwa ajili ya mchango wa saratani

Kosa lililonifundisha zaidi katika kazi hii halikutokana na kamera, bali na maneno machache niliyoyaandika juu ya picha. Tulikuwa tumetengeneza bango la kuwachangia wagonjwa wa saratani, na katikati yake nikaweka picha ya mwimbaji wa taarabu akiwa amefumba macho na mkono kifuani, kisha juu yake tukaandika "Tupambane na saratani". Mwimbaji mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Kabla jua halijachwa simu yake ilikuwa imejaa salamu za pole, na shangazi yake alikuwa ameshapanda boti kutoka Pemba kuja kumtazama mgonjwa. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia kwamba nimemzika angali hai.

Wewe unayeanza, lielewe jambo hilo kabla hujanunua lenzi: watu hutazama uso kwanza, na uso ukikaa jirani na neno saratani, kwa watazamaji mwenye uso huo ameshaugua. Kwa hiyo chini ya kila picha andika jina la msanii, ala anayoipiga, na kwamba amejitolea kuchangia, tena kwa herufi zinazosomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mwoneshe bango lenyewe likiwa limekamilika, si picha peke yake, kwa sababu ridhaa aliyoitoa kwa picha si ridhaa ya kila maandishi utakayoyaambatanisha nayo. Mimi hutumia karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayotaja picha itaonekana wapi, mpaka lini, na kama itauzwa. Ikiwa msanii mwenyewe anaugua na yuko tayari kusema, ongeza uangalifu, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Kuhusu upigaji wenyewe, wageni wengi hukimbilia jukwaani, ilhali picha zinazonunuliwa tunapoziuza kwa ajili ya mchango mara nyingi hupatikana nusu saa kabla ya onyesho. Picha iliyonunuliwa mapema kuliko zote katika maonyesho yangu ya kwanza ya picha ilikuwa ya mzee mpiga ganuni, ala ya nyuzi nyingi, akivaa pete zinazoshikilia risha za kudonolea nyuzi kwenye vidole vyake vya shahada, huku ameegemea dirisha, mwanga wa alasiri ukiwa upande mmoja tu wa mikono. Uso wake haukuonekana kabisa. Ukifika jukwaani zima mweko, anza na kasi ya sekunde 1/250 na tundu la lenzi la f/2.8, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, kwa kuwa chembechembe kwenye picha husameheka lakini vidole vilivyofifia kwa mtikisiko havisameheki. Ukitumia shata (kilango cha mwanga cha kamera) ya kielektroniki, isiyo na mlio, ili usiwakere wasikilizaji, taa za LED zinaweza kukuchorea michirizi. Shusha kasi hadi 1/100, inayopatana na umeme wetu wa hezi 50, au subiri beti ziishe na vigelegele vianze, kisha utumie shata ya kawaida.

Jambo moja la taarabu halimo katika kitabu chochote cha kamera. Mwanamke anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, mkono juu na noti imekunjwa kati ya vidole, unaona picha nzuri mno ya kuchangisha, kwa sababu ni utoaji uliokwisha kuwa mchezo na furaha. Lakini huenda ameinukia makusudi ubeti unaomsema mtu kwa mafumbo, na aliyekusudiwa ameketi safu ya tatu. Ukilitundika fumbo hilo ukutani kwa mwezi mzima, umeingia ugomvi usio wako. Mwulize huyo mwanamke, kama unavyomwuliza msanii.

Fedha za mchango zisipite kwenye simu yako hata kwa usiku mmoja. Omba lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la asasi inayochangiwa, na gharama za kuchapa zitajwe kwenye bei tangu mwanzo. Faili ya megapikseli 24 inatosha kuchapwa kwa upana wa sentimita 50 kwa nukta 300 kwa inchi; usilipie ukubwa zaidi ya huo kwa sifa tu.

Ama uelimishaji, usiandike hotuba. Wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, na saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake Tanzania, hupimwa dalili zake za awali kwa siki tu, kwa dakika chache. Mistari miwili kama hiyo, pamoja na habari ya chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, inayotolewa kwa wasichana tangu 2018, inatosha. Katika maonyesho yetu ya pili tulimweka muuguzi karibu na meza ya malipo, na siku nzima hakuna aliyemsogelea. Kesho yake tulimhamishia nyuma, kando ya mlango wa kutokea, penye picha ya mzee wa ganuni, na wanawake wakaanza kusimama pale muda mrefu, wakiitazama ile mikono huku wakimwuliza kwa sauti ya chini.