Usiongeze pawa ya leza, shida ni hewa

Mkuu, umesema unatuma data juu ya paa kwa mwanga wa leza uliosokotwa (mawimbi yake yanajizungusha kama skrubu, na kila namba ya msokoto ni alama yake), unasomeka freshi usiku ila mchana alama zinachanganyikana, ndo maana unataka leza yenye pawa kubwa. Subiri kwanza. Jua likipiga paa hewa ya moto inapanda inajichanganya na ya baridi, kila kipande kinapinda mwanga kivyake, sasa ule msokoto namba 3 unafika sehemu yake imeshamwagikia kwenye 2 na 4, na ukiongeza pawa umeongeza na huo mwagiko, hujatatua kitu.

Mi ningeanza kunyanyua mtambo juu kabisa ya zege la paa, hewa inayogusa sakafu ndo mbaya kuliko zote. Halafu ruka namba, tumia 1, 4, 7, zikimwagika kidogo zisigongane. Vioo vya kujirekebisha (vinajipinda kufuta mpindo wa hewa) vipo ila bei yake sio ya majaribio, achana navyo kwa sasa.

Kama data yako ni ndogo, changanya +3 na -3 (msokoto uleule ila upande wa kinyume) kwa pamoja, unapata madoa 6 yaliyopangwa duara, yanatetemeka ukutani lakini bado yanahesabika hata kwa macho. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walirusha picha kwa njia hiyo kilomita 3 juu ya jiji, kamera inapiga picha ya madoa, neva bandia za kompyuta (programu iliyofunzwa kwa mifano) zinatambua ni umbo gani, basi. Kasi itakuwa ya kinyonga lakini, kamera ndo itakubana.